Tuzo ya Hobey Baker: apewe mwenye pointi nyingi, mwenye tabia njema au aliyeibeba timu?

#1 Minnesota Baridi
Habari za humu wakuu. Kwa wasiofuatilia, Marekani kuna hoki ya barafuni ya vyuo vikuu, na kila mwaka mwezi wa nne, wikiendi ya Frozen Four (nusu fainali na fainali ya taifa), anatangazwa mchezaji bora wa wanaume. Tuzo inaitwa Hobey Baker. Ilianza 1981 na wa kwanza kuibeba ni Neal Broten wa hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mimi kazi yangu ni kuendesha Zamboni, ile mashine ya kusawazisha barafu kipindi kikiisha, kwenye uwanja wa chuo kimoja huku. Hizi hoja nazisikia kila siku, kuanzia kwa wazee wa jukwaani mpaka kwa wafagiaji.

Msimamo wangu: dogo wa mwaka wa kwanza asipewe hii tuzo, kabisa. 2023 kachukua Adam Fantilli wa Michigan, 2024 kachukua Macklin Celebrini wa Boston University, wote mwaka wa kwanza. Celebrini alikuwa na miaka 17! Tuzo Aprili, Juni San Jose wamemchagua namba 1 kwenye drafti ya NHL (timu za ligi kuu ya kulipwa zinachagua vijana kwa zamu), kwaheri chuo. Masharti ya tuzo yanataja tabia, masomo na mchango kwa timu. Tabia ya mtu unaijuaje ndani ya msimu mmoja? Apewe aliyekaa, akaumia, akalea wadogo, akaibeba timu. Huyo wa pointi nyingi atalipwa vizuri tu huko NHL.

Karibuni tuparurane.

#2 Chachandu
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu anza na sisi wa chini: mpira wenyewe uko wapi? Kila nikifungua naona watu wanasukumana ukutani tu.

#3 Minnesota Baridi
@Chachandu hakuna mpira, kuna kisahani cheusi cha raba. Na kule kusukumana ukutani ni halali, usidhani refa kalala.

#4 Takwimu Tupu
Mleta uzi unaongea kwa hisia. Ngoja nikuwekee namba, na pointi huko ni magoli ukijumlisha na asisti. Celebrini: pointi 64 mechi 38. Fantilli: 65 mechi 36. Jack Eichel, Boston University, 2015, naye mwaka wa kwanza: 71 mechi 40. Paul Kariya wa Maine, 1993, mwaka wa kwanza: pointi 100 ndani ya mechi 39. MIA MOJA. Huyo ungemwambia nini? Rudi mwakani ukiwa na ndevu?

Wa mwaka wa kwanza walioshinda ni hao wanne tu tangu 1981 mpaka 2025. Sio kwamba wanagawiwa kama pipi.

#5 Mzalendo Halisi
Hoki tunayoijua sisi ni mpira wa magongo, ule wa nyasini. Kenya walishika nafasi ya nne Kombe la Dunia 1971. Hii ya barafu inatuhusu nini? Humu kuna watu hata friji hawana.

#6 Kipa Mstaafu
Asante kwa kuikumbuka 1971, ilikuwa Barcelona. Nahodha Avtar Singh Sohal, Olimpiki nne mfululizo, 1960 hadi 1972. Sisi tuliolinda lango Nairobi tulikulia kwenye hizo hadithi. Na barafu inatuhusu kidogo: pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, kuna kiwanja ambacho Kenya Ice Lions wanachezea. Ni kidogo kuliko kiwanja kamili, ila vijana wanapambana. 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwapeleka huko wakacheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

#7 Chachandu
Mkuu #5 kaitaja Kenya kaiacha nchi yake, mzalendo gani huyu! Tanzania nasi tulikuwepo Olimpiki ya Moscow 1980. India walitufunga 18 kwa bila. Kumi na nane! Kipa wetu siku hiyo ndiye alistahili tuzo ya tabia.

#8 Binti Mrima
Mnatoka nje ya mada hata ukurasa wa kwanza haujaisha 😂

Mleta mada kagusa masharti bila kuyaweka, na ugomvi wote umo humo. Kwa kifupi: mchezaji aonyeshe uimara wa tabia ndani na nje ya barafu, achangie uadilifu wa timu na awe na ubora wa hali ya juu katika nyanja zote za mchezo, mafanikio ya masomo na uungwana uwanjani vizingatiwe, awe mwanafunzi wa muda wote, azifuate kanuni za NCAA (chama cha michezo ya vyuo), na acheze angalau nusu ya msimu.

Tabia imetajwa kwanza. Halafu someni tena, hakuna mahali wameandika "mwenye pointi nyingi". Ila pia hakuna walipoandika "mwenye miaka mingi". Hivyo nyote wawili, #1 na #4, mnaongeza maneno yasiyokuwemo.

#9 Bin Sultwan
Salaam kutoka Muscat. Nyie mwataka malaika awe na gongo mkononi. Huyo Hobey mwenyewe alikuwa nani? Nasikia ni mwanajeshi alotunguliwa na Wajerumani, basi tuzo yake lazima ifanane naye.

#10 Binti Mrima
@Bin Sultwan hakutunguliwa. Alikuwa rubani wa vita ya kwanza, kweli, lakini vita vilisimama 11 Novemba 1918 na yeye kafariki 21 Desemba, Toul, Ufaransa, ndege ilipoanguka. Amri ya kurudi nyumbani alishapewa. Akasema aruke mara moja ya mwisho, na ndege aliyoipanda ilikuwa ndiyo kwanza imetoka matengenezoni.

Kabla ya hapo alikuwa nyota wa Princeton, kamaliza 1914, hoki pamoja na mpira wa Kimarekani, na yumo kwenye majumba ya heshima ya michezo yote miwili. Wakati wake timu ilikuwa watu saba barafuni, na yeye alicheza ile nafasi ya mtu huru anayezunguka kote. Sifa inayosimuliwa zaidi ni uungwana. Adhabu zake chuoni zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mechi ikiisha alikuwa anaenda chumba cha wapinzani kuwapa mkono.

#11 Minnesota Baridi
Umemaliza dada. Tuzo imebeba jina la mtu wa namna hiyo, halafu tunapima kwa kalkuleta?

#12 Takwimu Tupu
Tusidanganyane. Hobey Baker hakukumbukwa kwa sababu alipeana mikono. Waliopeana mikono 1912 walikuwa wengi, amekumbukwa kwa sababu hakuna aliyeweza kumshika. Uungwana ukaja kama nyongeza kwenye hadithi. Ubora kwanza.

#13 Mkenya wa Lowell
Wazee, niko Lowell, Massachusetts. Wakenya tumejaa huku kiasi kwamba ukipotea njia unaweza kuuliza kwa Kikuyu ukaelekezwa. Nyumbani kwangu hadi Tsongas Center, uwanja wa UMass Lowell, ni mwendo wa mguu.

Swali langu: kwa nini makipa hawapewi? Kipa ndiye anayebeba timu kuliko wote. Au ni mchezo wa washambuliaji tu?

#14 Kipa Mstaafu
Hatimaye mtu mwenye akili. Makipa hawajawahi kupewa hata mmoja, naamini. Duniani kote ni hivyo hivyo. Ballon d'Or kipa ni Lev Yashin peke yake, 1963.

#15 Takwimu Tupu
@Kipa Mstaafu wamewahi, watatu. Robb Stauber wa Minnesota 1988, Ryan Miller wa Michigan State 2001 (msimu ule klinshiti 10), na Dryden McKay wa Minnesota State 2022. Mabeki wamepewa zaidi ya makipa: Mark Fusco, Tom Kurvers, Mottau, Leopold, Carle, Gilroy, Butcher, Makar, Perunovich. Kwa hiyo hoja kwamba ni tuzo ya wafungaji imekufa.

#16 Kipa Mstaafu
Watatu kwa zaidi ya miaka arobaini. Uwanjani kipa ni mmoja kati ya sita. Wewe ndiye mtu wa namba, piga hesabu.

#17 Minnesota Baridi
Mmemtaja McKay, hapo ndipo kuna kisa chenyewe. Minnesota State iko Mankato, kusini mwa hapa. Jina lake kapewa kwa heshima ya Ken Dryden, kipa mkubwa wa zamani. Msimu wa 2021-22 kashinda mechi 38, rekodi ya msimu mmoja, na mpaka anaondoka chuoni alikuwa na klinshiti 34, rekodi nyingine. Ijumaa kapewa Hobey Baker pale Boston. Jumamosi kwenye fainali Denver wakawafunga 5-1.

Siku chache baadaye ikatoka habari: mwezi wa kwanza alipimwa akiwa mchezaji wa akiba wa Olimpiki, ikakutwa dawa iliyopigwa marufuku, kiasi kidogo mno. Wachunguzi wakakubali kwamba ilitoka kwenye kirutubisho kilichochafuliwa. Akafungiwa miezi 6.

Sasa niambieni, sharti la tabia hapo linafanyaje kazi?

#18 Chachandu
Hapa sasa karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#19 Mzalendo Halisi
Anyang'anywe tuzo. Dawa ni dawa.

#20 Binti Mrima
Anyang'anywe kwa kosa gani? Waliochunguza wenyewe walikubali kwamba hakukusudia. Alitimiza wajibu, akataja kila alichomeza, akakubali adhabu. Mimi nikipima tabia, mtu anayebanwa namna hiyo halafu anaeleza kila kitu bila kukwepa ananionyesha tabia kuliko yule ambaye hajawahi kubanwa na lolote. Wengi wa hao "wenye tabia njema" ni watu ambao hawajajaribiwa.

#21 Takwimu Tupu
Mimi dawa siigusi. Nauliza la uwanjani. Mwaka huo huo 2022 kulikuwa na tuzo ya kipa bora wa vyuo, Mike Richter, na McKay HAKUIPATA. Alipewa Devon Levi wa Northeastern, aliyezuia asilimia 95.2 ya mashuti. Yaani mchezaji bora wa nchi nzima ni kipa, ila sio kipa bora wa nchi nzima. Nani anieleze hilo bila kucheka?

#22 Mkenya wa Lowell
Rahisi. Jopo ni tofauti, kila moja lina macho yake. Na mnasahau Mankato walikuwa wanaruhusu mashuti machache sana, ukuta mbele ya McKay ulikuwa mzito. Levi alikuwa anarushiwa mvua.

#23 Kipa Mstaafu
@Mkenya wa Lowell hilo la mashuti machache linasemwa na watu ambao hawajawahi kukaa golini. Ukirushiwa arobaini mwili unapata moto, unaingia kwenye mechi. Ukirushiwa kumi na tano unasimama dakika kumi unaganda, halafu anakuja mtu mmoja peke yake. Mimi hata kwenye nyasi nilikuwa nachukia mechi za kushinda kirahisi, goli la kijinga lilikuwa linakuja siku hizo hizo. McKay alistahili. Mechi 38 hazishindwi na ukuta peke yake.

#24 Takwimu Tupu
Sawa, ila umejibu kwa nini apewe Hobey Baker. Hujajibu kwa nini Levi apewe Richter.

#25 Kipa Mstaafu
Nimechagua swali ninaloliweza.

#26 Mwalimu Kiraka
Nimesoma kimyakimya tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu wa michezo Morogoro, hoki ya barafu siijui hata kidogo, ila ugomvi huu naujua sana. Shule moja niliyofundisha zamani tulikuwa na tuzo ya mwanamichezo bora baada ya UMISSETA, na vigezo vilikuwa vitatu: kiwango, nidhamu, masomo. Mwaka mmoja walimu tukakaa kupiga kura. Kulikuwa na kijana kafunga karibu magoli yote ya timu, na mwingine beki mtulivu, darasani wa pili. Akapewa beki. Yule mfungaji akaja kuniuliza: "Mwalimu, nidhamu yangu ina kosa gani?" Sikuwa na jibu, maana hakuwa na kosa. Ila hakuwa anapendwa ofisini, basi.

Kigezo cha tabia mara nyingi ni mlango wa watu kuingiza wanayempenda. Kama mnataka kipimwe, kipewe alama zake wazi: kiwango 60, timu 25, masomo 15, kitu kama hicho.

#27 Binti Mrima
Mwalimu, hizo alama anapanga nani? Ukiweka 60 Takwimu Tupu anataka 90, Minnesota Baridi anataka 30. Na tabia ukiipa alama, kuna mtu ataijaza. Picha na watoto wagonjwa hospitalini, tabasamu, kumi juu ya kumi.

#28 Mwalimu Kiraka
Bora kujaza mbele ya watu kuliko kunong'ona ofisini.

#29 Shangazi wa Ontario
Jamani, tabia ina tuzo yake. Inaitwa Hockey Humanitarian Award, ipo tangu katikati ya miaka ya tisini, kwa mchezaji wa chuo anayejitolea kwa jamii, wa kike au wa kiume. Sasa kama huyo wa kujitolea ana yake, kipa ana Richter, kwa nini Hobey Baker isibaki tu ya mchezaji bora tukalala?

Na kwa faida ya akina mama humu: wanawake wana Patty Kazmaier, tangu 1998, imepewa jina la mchezaji wa Princeton aliyefariki 1990 akiwa na miaka 28 kwa ugonjwa wa nadra wa damu. Jennifer Botterill wa Harvard kaichukua mara mbili, 2001 na 2003. Kwa wanaume hakuna aliyewahi kurudia.

#30 Minnesota Baridi
Shangazi umenipa silaha. Kwa nini wanaume hakuna aliyerudia? Kwa sababu akishinda tu anaondoka! Botterill alikaa akamaliza.

#31 Shangazi wa Ontario
Alikaa kwa sababu wakati huo wanawake hawakuwa na NHL ya kwenda. Usichukue shida ya mabinti ukaifanya fadhila.

#32 Chachandu
Shangazi kapiga shuti, kipa hajaona kisahani.

#33 Mkenya wa Lowell
Kuna kesi inayomfaa mleta uzi kuliko hizo. 2013. Waliobaki watatu wa mwisho: Drew LeBlanc wa St. Cloud State, Johnny Gaudreau wa Boston College, na Eric Hartzell kipa wa Quinnipiac. LeBlanc alikuwa mwaka wa tano. Msimu wa nyuma kavunjika mguu vibaya, karudi, nahodha, anasomea ualimu wa hesabu, timu yake ikaingia Frozen Four kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo. Pointi 50 mechi 42. Gaudreau pointi 51 mechi 35. Akapewa LeBlanc. Huku Boston watu walikasirika, wengine mpaka leo.

#34 Minnesota Baridi
HUYO NDIYE. St. Cloud ni kaskazini kidogo tu ya hapa. Mtu karudi kutoka mguu uliovunjika, sio kutoka likizo.

#35 Takwimu Tupu
Na baada ya hapo? LeBlanc kacheza NHL mechi 2. Gaudreau karudi mwaka uliofuata, pointi 80 mechi 40, akapewa 2014, akaenda kuwa nyota Calgary, mpaka ile ajali ya Agosti 2024 iliyomchukua yeye na mdogo wake. Ukiangalia nyuma, 2013 nani alikuwa bora?

#36 Binti Mrima
Pumzika kwa amani, Johnny na Matthew.

Ila hoja yako ina kasoro, Takwimu. Tuzo inatolewa kwa msimu ule, haitolewi kwa maisha yatakayokuja. 2007 kapewa Ryan Duncan wa North Dakota, aliyekuwa anacheza pembeni ya Jonathan Toews na T.J. Oshie. Toews akaja kuwa nahodha wa Chicago, makombe matatu ya Stanley (ubingwa wa NHL). Oshie kombe 2018. Duncan NHL hakucheza hata mechi moja. Je, jopo lilikosea? Mwaka ule Duncan ndiye aliyekuwa anafunga.

#37 Bin Sultwan
Alikuwa yuafunga kwa sababu pembeni yuko Toews. Mpe na mimi Toews nami nifunge.

#38 Chachandu
Wewe hata ukipewa Toews na Oshie utaanguka kabla kisahani hakijakufikia, Muscat barafu mnaiona kwenye juisi.

#39 Bin Sultwan
😂😂 hilo kweli.

#40 Mjukuu wa Chifu
Nimechelewa. Mnazunguka, na mfano mzuri kuliko yote aliutaja #4 akaupita. Maine 1993. Timu ile ilipoteza mechi moja msimu mzima, 42-1-2. Kariya mwaka wa kwanza, pointi 100. Ndani ya timu ile ile kulikuwa na Jim Montgomery, nahodha, mwaka wa mwisho, pointi 95. Kafanya kila anachotaka mleta uzi: kakaa, kalea, kabeba.

Fainali dhidi ya Lake Superior State, kipindi cha mwisho kinaanza Maine wako nyuma 4-2. Montgomery kafunga matatu mfululizo, 5-4, ubingwa. Na pasi zote tatu katoa Kariya.

Sasa gaweni tuzo.

#41 Takwimu Tupu
Kariya. Bila Kariya hakuna pasi.

#42 Minnesota Baridi
Montgomery. Pasi bila mfungaji ni kisahani kinateleza kuelekea ukutani.

#43 Kipa Mstaafu
Kipa wa Maine. Hakuna aliyemtaja, kama kawaida.

#44 Binti Mrima
Hiyo fainali haihesabiki hata hivyo. Siku hizi Hobey Baker inatangazwa Ijumaa, katikati ya nusu fainali na fainali, na kura zinakuwa zimeshapigwa. Kwa hiyo mnaosema "aliyeibeba timu hadi ubingwa" hamna hoja, ubingwa wenyewe haujachezwa. 2020 mashindano yalifutwa kabisa kwa korona, na Scott Perunovich wa chuo cha Minnesota Duluth kapewa tuzo yake kama kawaida.

#45 Mjukuu wa Chifu
Sawa, lakini kuna waliopata vyote. Matt Gilroy, Boston University 2009, aliyeingia timuni bila udhamini wa masomo, mshambuliaji akageuzwa beki, akaishia na tuzo pamoja na ubingwa. Will Butcher wa Denver 2017, nahodha, tuzo na ubingwa. Na kocha wa Butcher pale Denver alikuwa nani? Jim Montgomery huyo huyo.

#46 Minnesota Baridi
Sikujua kama hilo la mwisho lingeingia hivyo kwenye uzi wangu, safi sana. Butcher alikuwa mwaka wa nne. Naomba muandike.

#47 Shangazi wa Ontario
Mtaandika sana ila upepo umegeuka. Kuanzia Agosti 2025 wachezaji wa ligi kuu za vijana za Kanada, CHL, wameruhusiwa kuingia vyuo vya Marekani. Zamani walikuwa wanazuiwa wakihesabika kama wa kulipwa. Mtu kama Gavin McKenna katoka huko 2025 katua chuo cha Penn State moja kwa moja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa namna hiyo sio dogo, ni mtu aliyeiva tayari. Tutawaona wengi wakichukua hii tuzo. Na kuna fedha za matangazo pia, tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa kwa jina lake.

#48 Minnesota Baridi
Ndiyo maana nasema masharti yabanwe mapema. Ongezeni sharti moja tu: awe amemaliza angalau mwaka mmoja chuoni kabla.

#49 Takwimu Tupu
Halafu kila mwaka mchezaji bora wa nchi awe nje ya orodha? Tuzo itakosa maana ndani ya miaka mitano. Na umri wenyewe unakudanganya. Wengi huko wanapitia ligi za vijana kwanza, wanaingia chuo na miaka 19, 20. McKay alikuwa na 24 aliposhinda. Unamshindanisha wa 24 na wa 17, halafu wa 17 akimzidi unamwambia bado mdogo? Ungemwongezea alama.

#50 Mwalimu Kiraka
Hilo la umri limenigusa. Kwenye UMISSETA tulikuwa tunapambana na la upande wa pili, kidato cha pili ana watoto wawili nyumbani.

#51 Chachandu
😂😂😂 Mwalimu, huyo ndiye mwenye uzoefu wa kulea wadogo anaotaka mleta uzi.

#52 Mama Junior
Samahani nje ya mada, niko Toronto, mwanangu wa miaka saba anataka hoki shuleni wenzake wote wanacheza. Ni ghali kweli au wananitisha?

#53 Shangazi wa Ontario
Hawakutishi. Viatu nunua vilivyotumika, mguu wa mtoto unakua kila msimu. Kofia ngumu ya kichwani nunua mpya, hapo usibane. Na omba Mungu asipende kuwa kipa, vifaa vya kipa ni bei nyingine kabisa.

#54 Kipa Mstaafu
Hata huku mnatupiga vita.

#55 Mzalendo Halisi
Nimesoma yote nimeona bora niulize: mwaka 2025 kachukua nani, na huyo alikaa au alipita?

#56 Mjukuu wa Chifu
Isaac Howard wa Michigan State, mwaka wa tatu. Ila alianzia Duluth, akahamia. Sasa mleta uzi atuambie: aliyehama chuo anahesabika kuwa amekaa?

#57 Minnesota Baridi
Hapo mnanionea. Duluth iko jimbo langu, naomba nisijibu kwa hasira.

#58 Binti Mrima
@Mkenya wa Lowell wewe ndiye uliyeanzisha la makipa halafu ukakaa upande wa Levi kijanja bila kusema. Toa jibu moja: 2022, Levi au McKay?

#59 Mkenya wa Lowell
Hellebuyck.

#60 Takwimu Tupu
Connor Hellebuyck 2022 alikuwa Winnipeg siku nyingi mkuu, mtu wa NHL. Chuo aliacha 2014.

#61 Mkenya wa Lowell
Najua. Alikuwa wetu, UMass Lowell. Tuzo ya Richter ya kwanza kabisa, 2014, ni yake, Hobey Baker wakamnyima. 2025 kawa mchezaji bora wa NHL nzima, kachukua Hart. Jibu langu halibadiliki.